Dohani (bomba la moshi la meko) imeongezwa kimo baada ya kupandisha paa, moshi ndiyo umezidi. Tatizo ni kimo au kuna kingine?

#1 Paa Jipya
Wakuu habari. Naombeni akili zenu kabla sijamrudisha fundi juu.

Nyumba ina meko ya tofali sebuleni, dohani imeegemea ukuta wa nje. Miaka yote hatujawahi kulia moshi. Sasa tumekarabati: paa la zamani lililolala tumelivua, tumepandisha kenchi mpya za nyuzi 30 ili tupate chumba darini. Mgongo wa paa, yaani kilele chake, ukaipita dohani kwa kimo. Fundi akaongeza kozi (safu za tofali) 9, kama sm 67. Ukisimama nje unaona imepanda kweli, ila mgongo bado umeizidi kwa sm 20 hivi. Kutoka dohani hadi mgongoni, kwa mlalo, ni mita 2.2.

Tukiwasha moto, dakika kumi za kwanza hamna neno. Baada ya hapo moshi unaanza kuchungulia juu ya mdomo wa meko kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, halafu unaingia mzima mzima. Fundi anasema kimo bado, tuongeze kozi 11 nyingine. Shemeji anasema dohani haina kosa, kosa ni madirisha mapya. Mimi naogopa uzito.

Vipimo: dohani kwa nje sm 45 kwa 45. Tundu la zamani lina bomba la mraba la udongo wa kuchoma, ndani sm 19 kwa 19. Sehemu mpya fundi hakuweka bomba, tundu ni sm 23 kwa 23. Mdomo wa meko upana sm 75, kimo sm 60. Picha tatu nimeweka.

#2 Mpita Njia
Naweka mkeka hapa, ngoja mafundi waje.

#3 Kozi Kwa Kozi
Fundi wako yuko sahihi mkuu, ila kazi kaiacha nusu. Kanuni ni dohani ipite mgongo wa paa kwa futi 3. Chini ya hapo upepo ukishavuka mgongo unajipinda na kushuka, unaingia kwenye tundu. Ongeza hizo kozi, lala usingizi.

#4 Pimamaji
Kozi Kwa Kozi, hapo umechanganya, na hujaanza wewe. Kanuni hiyo ya Marekani ina masharti mawili. La kwanza, dohani itoke juu ya paa angalau futi 3, yaani sm 90, ukipima pale inapotokea, upande wa juu wa mteremko. La pili, izidi kwa futi 2, yaani sm 60, kitu chochote kilicho ndani ya futi 10, mita 3, kwa mlalo. Mgongo wa paa ukiwa mita 4 mbali, wala haukuhusu.

Sasa tuipime ya Paa Jipya. Nyuzi 30, mlalo mita 2.2: mgongo uko juu ya paa la pale dohani inapotokea kwa mita 1.27. Dohani imepungua sm 20, kwa hiyo imetoka juu ya paa mita 1.07. Sharti la kwanza limepita. La pili limefeli kwa sm 80. Kozi 11 ni sm 82. Fundi wako hakubuni, alipiga hesabu.

#5 Kozi Kwa Kozi
Sawa, 60 si 90. Lakini si nilisema aongeze? Jibu ni lilelile.

#6 Dirisha Wazi
Namuunga mkono shemeji mtu. Paa Jipya, jibu maswali mawili tu. Mlipokarabati mlibadilisha madirisha? Na jikoni mliweka feni ya kunyonya harufu?

Dohani haitoi moshi bila kuingiza hewa. Kila pumzi inayotoka juu lazima pumzi nyingine iingie mahali: chini ya mlango, pembeni mwa dirisha, kwenye nyufa za dari. Nyumba ya zamani ilikuwa inapumua yenyewe. Mkaziba kila kitu, mkaweka dari mpya, halafu mnamlaumu fundi matofali.

Fanya hivi: washa moto, subiri moshi uanze kuingia, fungua dirisha la sebuleni upana wa kiganja. Moshi ukirudi ndani ya dohani, umeshapata mwizi wako.

#7 Paa Jipya
Dirisha Wazi, ndiyo na ndiyo. Madirisha ya alumini yenye mipira, na feni kubwa jikoni. Nitajaribu leo.

#8 Mzee wa Timazi
Salamu kwenu. Mnabishana juu ya moshi, mimi nimekwama kwenye picha ya pili. Paa Jipya, ikuze. Hesabu kozi kutoka juu kushuka. Baada ya ya tisa kuna mstari mnene wa kijivu, umetokeza nje kidogo pande zote kama mdomo wa chungu. Huo ni nini?

#9 Paa Jipya
Shikamoo mzee. Nadhani ni pale dohani ya zamani ilipoishia.

#10 Mzee wa Timazi
Marahaba. Ndicho nilichoogopa. Hicho ni kifuniko cha zege cha dohani ya zamani. Kazi yake ilikuwa kumwaga maji ya mvua, kwa hiyo kimemiminwa kwa mteremko, katikati juu, pembeni chini. Fundi wako hakukivunja. Amesawazisha kwa mota na kupanga tofali zake juu yake.

Maana yake kozi 9 zimekaa juu ya sahani iliyobinuka. Mota kwa ndani ni nyembamba kama karatasi, kwa nje ni nene. Chini ya kifuniko kuna kozi za zamani ambazo ndizo zilizonyeshewa kuliko zote, mara nyingi mota yake unaikwangua kwa kucha. Anayeongeza dohani anavunja kifuniko kwanza, anashuka kozi kwa kozi akigonga kila tofali kwa kishikio cha mwiko, mpaka afike kwenye tofali linalolia kavu. Linalotoa sauti nzito ya uvivu linaondoka. Hapo ndipo unapoanza kupanda.

Na uzito usiuchukulie kwa mazoea. Dohani ya sm 45 yenye tundu la sm 23 ina eneo la tofali kama mita ya mraba 0.15. Kwa tofali za udongo zenye uzito wa kilo 1,900 kwa mita ya ujazo, kila mita unayopanda ni kilo 285 hivi. Umeshaongeza kama kilo 190. Kozi 11 ni kilo 230 nyingine. Kwa msingi mzuri si mzigo wa kutisha. Kwa kozi mbili zilizooza chini ya kifuniko, ni mzigo.

#11 Saidia Fundi
Mzee umenikumbusha mbali. Nilipokuwa nabeba tofali, fundi mmoja alinituma juu kuvunja kifuniko kwa nyundo ya kilo nne. Pigo la tatu kifuniko kizima kikatoka na kozi nne, nusu ikaingia ndani ya tundu, nusu ikapita kwenye vigae. Mwenye nyumba alikuwa amekaa sebuleni. Alitoka nje amepakwa masizi mpaka kwenye kope, anauliza kwa upole kabisa, "Ndiyo imeanza?"

#12 Mpita Njia
Hahahaa "ndiyo imeanza". Mkeka wangu nausogeza mbele.

#13 Bi Masizi
Mbona hakuna aliyegusa hilo la tundu? Chini sm 19 kwa 19, juu 23 kwa 23 na hakuna bomba. Eneo limeruka kutoka sm za mraba 361 hadi 529, karibu nusu yake imeongezeka. Moshi ukifika pale kwenye mpaka unapunguza mwendo, unatawanyika, unapoa. Ukipoa unanyong'onyea, na kile kilichomo kinabaki ukutani: maji, masizi, na ile lami nyeusi ya kuni inayoitwa kreosoti. Ikishuka chini ya nyuzi 120 hivi inaanza kuganda kwenye kuta. Sehemu mpya ndiyo iliyo nje kabisa, inapigwa na upepo pande nne, haina bomba, ukuta wake nusu tofali. Huwezi kutengeneza mtego mzuri wa kreosoti kuliko huo.

Nasafisha dohani kwa kazi. Moto wa kreosoti nimeushuhudia mara mbili, unanguruma kama lori linapita juu ya paa, na joto linaweza kupita nyuzi 1,000. Tofali tupu bila bomba huo moto hulipasua. Kwa hiyo hata kama kimo ndicho tatizo, kozi hizo 9 zinatakiwa kushuka ili bomba lipande la kipimo kilekile, viungo viunganishwe kwa mota ya kuhimili moto. Saruji ya kawaida huko ndani inageuka unga.

#14 Kozi Kwa Kozi
Bi Masizi, kwa heshima, tundu likipanuka si moshi unapata nafasi zaidi? Barabara ikipanuliwa foleni inapungua.

#15 Bi Masizi
Ikipanuliwa yote kaka. Ikipanuliwa kipande cha mwisho tu, foleni iko palepale, ila huku mwisho magari yanatembea taratibu yakishangaa.

#16 Injinia wa Zamani
Nilikuwa nasoma kimya. Naona watu wanazungumza kana kwamba moshi una miguu. Moshi hausimami wenyewe, unasukumwa. Hewa baridi ya nje ni nzito, hewa moto ndani ya dohani ni nyepesi, ile nzito inaisukuma ile nyepesi juu. Nguvu hiyo inapimika.

Nje nyuzi 20, ndani ya dohani wastani nyuzi 100: kila mita ya kimo inakupa paskali (kipimo cha mgandamizo) 2.5. Ndani ikifika nyuzi 200, paskali 4.5. Meko ya wazi yanavuta hewa nyingi ya chumba pamoja na moshi, kwa hiyo wastani wako uko karibu zaidi na ile 100. Kozi 11, yaani sm 80, zitakuletea paskali 2. Mbili tu. Feni ya jikoni kwenye nyumba iliyozibwa inaweza kushusha mgandamizo wa ndani kwa paskali 5 au zaidi. Yaani feni inakula mita 2 za dohani ukiwa unakaanga.

Kwa kuvuta tu, basi, kuongeza kimo ni faida ndogo. Kwa kukwepa upepo unaoshuka kutoka mgongoni, ni suala lingine kabisa, hapo Pimamaji yuko sawa. Ni magonjwa mawili yenye dalili moja.

#17 Dirisha Wazi
Asante Injinia. Nilisema.

#18 Injinia wa Zamani
Usisherehekee bado. Paa Jipya anasema moshi unaanza baada ya dakika kumi. Mgandamizo wa chumba haungoji dakika kumi, hewa ikikosekana unajua ndani ya sekunde chache. Ninachokiona mimi ni moto unaokua. Dakika kumi za kwanza vijiti vinatoa moshi kidogo, tundu linaumeza. Kuni kubwa zikishika, moshi unazidi uwezo wa tundu.

Angalieni vipimo vyake. Mdomo wa meko sm 75 kwa 60 ni sm za mraba 4,500. Kwa tundu la mraba, kanuni ni eneo lake lisipungue sehemu moja ya kumi ya mdomo: 450. Yeye ana 361. Tundu ni dogo kwa mdomo huo.

#19 Pimamaji
Injinia, naheshimu, lakini lilikuwa dogo hivyohivyo miaka yote na hawakulia moshi. Kitu ambacho hakijabadilika hakiwezi kuwa sababu ya kilichobadilika.

#20 Injinia wa Zamani
Kinaweza kuwa kilikuwa pembezoni kabisa. Mtu anayebeba gunia lililomfikia shingoni, ukimwongezea kilo mbili anaanguka. Kosa ni la kilo mbili au la gunia?

#21 Kozi Kwa Kozi
La aliyemwongezea.

#22 Kenchi Nane
Nyinyi endeleeni na paskali. Mimi fundi seremala nauliza swali la mbao. Kenchi mpya zimepita umbali gani kutoka kwenye dohani? Picha ya tatu naona papi, mbao ya paa, imekatwa ikagusa tofali.

Niliwahi kuitwa nyumba moja wanasema chumba cha darini kinanuka kama mkate ulioungua, harufu inakuja usiku inaondoka asubuhi. Tukafungua silingi. Papi ilikuwa imepigiliwa misumari kwenye dohani kabisa. Upande uliogusa tofali ulikuwa umegeuka mkaa, unaupitisha kidole unaacha alama kama chaki nyeusi. Mbao ikipashwa joto miaka inakauka na kuungua polepole, halafu siku moja inashika kwa joto ambalo mbao mpya ingelivumilia. Sm 5 kati ya mbao na dohani iliyo ndani ya nyumba, pande zote. Ule mwanya usijazwe mbao wala takataka, juu na chini uzibwe kwa bati.

#23 Paa Jipya
Kenchi Nane umenitoa jasho. Nimepanda na tochi sasa hivi. Papi mbili zimegusa. Kesho zinakatwa.

Majibu ya kipimo cha dirisha: jana jioni, hali shwari bila upepo. Moshi ulipoanza nikafungua dirisha kiganja kimoja. Ulipungua, nasema ukweli, kama robo tatu. Shemeji akanitazama tu. Leo kuna upepo, nimefungua dirisha lilelile, moshi umekuja kwa mafungu, unapumua ndani-nje, ndani-nje, dirisha halikusaidia kitu.

#24 Pimamaji
Mafungu wakati wa upepo ni mgongo wa paa huo. Sm 80.

#25 Dirisha Wazi
Robo tatu bila upepo ni hewa hiyo.

#26 Mpita Njia
Kila mtu kashinda. Nimeupenda uzi huu.

#27 Msoma Kale
Mnanikumbusha kuwa ubishi huu una miaka mingi. Mwaka 1785 Benjamin Franklin, akiwa melini anarudi Marekani kutoka Ulaya, alimwandikia rafiki yake daktari Jan Ingenhousz barua ndefu juu ya dohani zinazofuka. Alihesabu sababu 9. Ya kwanza kabisa ni ya Dirisha Wazi: nyumba mpya iliyozibwa vizuri mno, hewa haina pa kuingilia. Ya Injinia imo, mdomo wa meko kuwa mkubwa kuliko tundu. Dohani fupi imo. Na ya Pimamaji imo: dohani inayotawaliwa na jengo refu zaidi au kilima, upepo unaruka juu yake na kuushusha moshi.

#28 Kozi Kwa Kozi
Alikuwa melini bila kazi, ndiyo maana akapata tisa.

#29 Tofali Mbichi
Samahani naingilia. Hivi sahihi ni dohani au chimni? Fundi wangu nikimwambia dohani ananiangalia kama nimemtukana.

#30 Msoma Kale
Dohani. Limetoka kwenye Kiarabu dukhan, maana yake moshi. Chimni ni la Kiingereza. Yote yanaeleweka.

#31 Saidia Fundi
Sisi kwenye kazi tunasema bomba la moshi hata kama ni la tofali. Ukisema dohani unapewa mtu wa kukufasiria.

#32 Bi Masizi
Turudi kwenye mada kabla hamjaanza na la meko na jiko. Paa Jipya, kabla ya kuvunja chochote: je, fundi alipokuwa anapanga zile kozi 9 alizuia mota isidondoke ndani? Pale juu ya koo la meko, moshi unapoingilia dohani, kuna kijukwaa, mota yote inayodondoka inatua hapo. Kazi yangu ya mwezi uliopita mteja analalamika moshi baada ya dohani kuongezwa. Nikapitisha kioo kidogo kooni na tochi. Badala ya kuona mbingu nikaona maandishi. Mfuko wa saruji! Waliusokota ukazuia uchafu, kazi ikaisha, wakashuka, mfuko ukabaki umekaa kama kizibo, umeachia pembe moja tu. Nilikuwa nasoma "weka mahali pakavu" kwa kinyume.

#33 Paa Jipya
Ngoja nichukue kioo cha bafuni.

#34 Paa Jipya
Nimerudi, mikono nimeiosha mara tatu bado nyeusi. Mfuko hakuna. Mbingu naiona, ila ni kipande, kona moja imefunikwa. Nimeingiza mkono hadi bega, nimetoa nusu ndoo ya mota kavu, vipande vya tofali, na fupa la ndege. Nimewasha. Hali shwari, dirisha limefungwa: moshi mdogo mno, unachungulia na kurudi. Mke wangu kawasha feni ya jikoni bila kujua, ukaingia wote.

#35 Dirisha Wazi
Sina la kuongeza.

#36 Bi Masizi
Mota nusu ndoo kooni, na wewe unasema huna la kuongeza.

#37 Injinia wa Zamani
Fanya kipimo kimoja zaidi. Chukua bati lenye upana wa mdomo wa meko, lishike juu ya mdomo uliteremshe taratibu moto ukiwa umeshika vizuri. Weka alama pale moshi unapoacha kuingia. Kwa tundu la 361 hesabu inakupa mdomo wa 3,610, yaani kimo sm 48 badala ya 60. Bati likifika karibu sm 12 moshi ukakatika, tundu ni dogo, na kiraka cha chuma juu ya mdomo kitakutosha. Likihitaji kushuka hadi nusu, sababu iko kwingine. Zima feni wakati unapima.

#38 Paa Jipya
Nimefanya. Bila feni, bila upepo, moshi umekatika bati lilipofika sm 7.

#39 Injinia wa Zamani
Saba. Hmm.

#40 Kozi Kwa Kozi
Injinia kasema "hmm", wakuu andikeni tarehe.

#41 Mzee wa Timazi
Mwendelee kupima, ila msisahau kinachosimama juu. Tuseme mnaongeza sm 80. Dohani itakuwa imetoka juu ya paa mita 1.87. Kanuni ya Uingereza ya dohani ya tofali isiyofungwa kwa vyuma inasema kimo chake kutoka pale inapoachana na paa kisizidi mara 4.5 ya upana wake mdogo. Sm 45 mara 4.5 ni mita 2.02. Mnaingia, kwa sm 15 tu. Na chungu cha juu, kile kinachokaa kileleni mwa dohani, kinahesabiwa kwenye kimo. Mkiweka chungu cha sm 30, mmevuka.

Upepo unaisukuma dohani kama mtu anavyosukuma nguzo ya uzio, na panapovunjika ni pale inapotokea kwenye paa. Tetemeko la Septemba 2010 kule Canterbury, New Zealand, liliangusha dohani za tofali kwa wingi, nyingi zikapita kwenye mapaa. Ukitaka kupanda juu ya hapo, panua ule mwili wa juu kwa kuutokeza kozi kwa kozi, kila kozi itoke kidogo, isizidi nusu ya kimo cha tofali, au ifungwe kwa vyuma kwenye kenchi. Kupanua nako kunaongeza kilo, usisahau.

#42 Tofali Mbichi
Mzee, kwani asiweke bomba la chuma cha pua lenye kuta mbili na sufi ya kuzuia joto katikati, likapita ndani ya tundu na kutokeza juu? Jepesi, halipoi haraka, kipimo kimoja kuanzia chini hadi juu.

#43 Bi Masizi
Kwa jiko la kuni lenye mlango, sawa kabisa, mara nyingi ndilo jibu. Kwa meko ya wazi bomba lazima liwe kubwa, na likiingia ndani ya tundu la 19 litazidi kulibana. Injinia keshasema hata sasa ni dogo. Angeweza kulitokezea juu tu, lisimame kwenye bamba lililofungwa juu ya tofali. Ila kiungo cha pale ndipo kreosoti inapopenda kukaa.

#44 Mzee wa Timazi
Na bado litasimama juu ya kifuniko kilichofichwa.

#45 Jirani Mwema
Yangu iliongezwa miaka sita iliyopita. Haifuki. Ila imeanza kuinama, kama mlevi anayesikiliza siri. Fundi mmoja anasema msingi, mwingine anasema upepo.

#46 Mzee wa Timazi
Imeinamia upande unaopigwa na mvua au upande mkavu?

#47 Jirani Mwema
Mkavu.

#48 Mzee wa Timazi
Basi uchunguze chumvi kabla ya msingi. Moshi una salfa, hasa wa makaa ya mawe, unyevu unaipeleka kwenye mota ya saruji, mota inavimba. Upande unaolowa unavimba zaidi, unarefuka, dohani inainamia upande wa pili. Msingi ukizama, dohani nzima ingelala kuanzia chini, na ungeona ufa kwenye ukuta wa nyumba. Yako inapinda kuanzia wapi?

#49 Jirani Mwema
Juu ya paa tu. Chini imesimama. Lakini hatuchomi makaa, ni kuni.

#50 Pimamaji
Wenye nyumba wa kabla yenu je?

#51 Jirani Mwema
Hilo sijui. Nitauliza.

#52 Kenchi Nane
Jirani Mwema fungua uzi wako, huu wa mwenzako tunaupeleka pabaya. Paa Jipya, papi umekata?

#53 Paa Jipya
Zimekatwa, mwanya sm 5, bati limewekwa. Upande mmoja wa papi ulikuwa bado mweupe, namshukuru Mungu.

Na nimeweka king'ora cha kaboni monoksaidi sebuleni na kingine chumba cha juu, kwa sababu dada mmoja amenitumia ujumbe wa faragha kunikumbusha kuwa moshi unaouona ndio mwema, kuna usioonekana.

Fundi amekuja leo. Nimemwonyesha uzi. Amesoma wote, amekaa kwenye ndoo. Kasema kifuniko kweli hakukivunja, alihofia kuporomosha kozi za chini. Bomba la udongo anasema sikumwambia. Kwa feni amecheka. Tumekubaliana Jumamosi kama hakuna mvua tunajenga jukwaa, tunashusha kozi zote 9, kifuniko, na chochote kilichooza, halafu bomba la 19 linapanda hadi juu.

#54 Pimamaji
Na mnapanda hadi wapi?

#55 Paa Jipya
Hapo ndipo tumekwama. Yeye anataka sm 80 na chungu. Mzee ananiambia chungu kinavuka. Shemeji anasema nirudishe kimo hikihiki, nitoboe ukuta karibu na meko, niweke bomba la hewa kutoka nje.

#56 Dirisha Wazi
Shemeji ana akili. Injinia, tundu la kipenyo gani?

#57 Injinia wa Zamani
Moshi ukipanda mita 1.5 kwa sekunde kwenye tundu lake, ni mita za ujazo 195 za hewa kwa saa. Bomba la unene wa kidole halitoshi. Kipenyo cha sm 15 angalau, na hata hilo halitamsaidia siku ya upepo. Na ile saba bado inanisumbua. Ingekuwa kumi na mbili ningelala.

#58 Bi Masizi
Pima tena baada ya kuweka bomba juu. Kona yenye mota uliisafisha yote?

#59 Paa Jipya
Mkono ulipofika. Kuna kitu kigumu kimeshika upande wa nyuma, sikukiweza.

#60 Bi Masizi
Haya.

#61 Mpita Njia
"Haya" ya fundi masizi inatisha kuliko tetemeko.

#62 Paa Jipya
Taarifa ya Jumamosi. Kifuniko kimevunjwa. Chini yake kozi tatu mota imetoka kama mchanga, tofali tulikuwa tunaziokota kwa mkono. Fundi hakusema kitu, alikuwa anazipanga pembeni moja moja. Bomba la zamani la juu kabisa lina ufa wa wima, unaingiza kadi. Na ule ugumu wa kooni ni kipande cha kifuniko kilichodondoka, kimejamia kwa mota. Tumekitoa kwa mtarimbo.

Tumeishia hapo, mvua. Dohani kwa sasa ni fupi kuliko ilivyowahi kuwa, iko chini ya mgongo kwa zaidi ya mita. Jioni kabla hatujaifunika kwa turubai nimewasha vijiti viwili na kuni moja, kujaribu tu.

#63 Pimamaji
Ikafuka?

#64 Paa Jipya
Haikufuka.

#65 Kozi Kwa Kozi
Kwa hiyo kimo ni tatizo au si tatizo?

#66 Pimamaji
Kulikuwa na upepo?

#67 Paa Jipya
Hata jani halikutikisika. Na feni ilizimwa, umeme ulikatika.